Uso wa mbwa, nafsi ya mtu: maswali ninayoulizwa kila wiki kuhusu majuto

Nina duka dogo la dawa za mifugo Uyole, pale barabara inapogawanyika, mkono mmoja unashuka Tukuyu na Kyela, mwingine unaelekea Makambako na Iringa. Wateja wangu wanatoka pande zote hizo. Mtu anakuja kununua dawa ya minyoo ya ndama, anaondoka ameniachia swali ambalo haliko kwenye chupa yoyote ya rafuni. Linalorudi kuliko yote ni la mbwa anayejua amekosa, na likishafunguliwa hilo, mazungumzo huhamia kwa binadamu. Nimeandika majibu yangu hapa ili siku ya foleni niseme tu: kasome.

Mbwa wangu akiharibu kitu anainamisha kichwa, anafyata mkia, ananitazama kwa pembeni. Si anajua amekosa?

Anajua umekasirika. Kwamba anajua amekosa, hilo lilipimwa na halikusimama.

Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio alilofanya na mbwa 14. Mwenye mbwa anaweka kipande cha chakula kitamu, anamkataza mbwa asile, kisha anatoka chumbani. Huku nyuma kuna mbwa waliokula, na kuna walioondolewa chakula bila kukigusa. Mwenye mbwa akirudi anaambiwa mbwa wako amekula, au hakula, na mara nyingine anadanganywa makusudi. Aliyeambiwa mbwa wake amekula, alimkaripia. Aliyeambiwa hakula, alimsalimia kwa furaha.

Ule uso wa kukosa ulitokea zaidi kwa mbwa aliyekaripiwa, awe amekula au hakula. Na uliokolea kuliko nyuso zote ulikuwa wa mbwa asiye na kosa lolote aliyekaripiwa bure. Hapo ndipo mimi nilipoweka karatasi chini nikatoka nje kupunga upepo, kwa sababu nitakayoeleza chini.

Wengine walirudia kwa njia zao. Mwaka 2012 watafiti wa Budapest waliwataka wenye mbwa wakisie, kwa kuangalia tu jinsi mbwa anavyowapokea, kama amekula kilichokatazwa. Ubashiri wao haukuwa wa kutegemewa. Mwaka 2015 Ljerka Ostojić na wenzake walijaribu tena na wakafika hapo hapo: kwa salamu tu, mwenye mbwa hajui.

Basi ule uso ni wa nini?

Ni wa kuomba amani. Masikio nyuma, mwili chini, macho pembeni, ulimi unalamba pua, pengine mguu mmoja unainuliwa au tumbo linaonyeshwa. Mbwamwitu wadogo wanafanya hivyo mbele ya wakubwa wao ili wasing'atwe. Dereva wa daladala akimwona trafiki mbele anavuta mkanda na kutengeneza uso wa mtu mwema, hata kama siku hiyo gari lake halina tatizo. Ukimtazama usoni huwezi kujua kama bima imeisha.

Lakini wangu hujificha hata kabla sijajua kuna kosa. Hapo nani kamkaripia?

Swali hili liliulizwa na mama mmoja wa Igurusi, mfugaji makini, na ndilo zuri kuliko yote. Jibu liko kwenye jaribio la zamani, la miaka ya 1970 huko Marekani. Mbwa mmoja alikuwa na tabia ya kuchana karatasi, na mwenyewe akifika anamkuta amejikunyata. Mtaalamu wa tabia za wanyama akamshauri mwenye mbwa achane karatasi kwa mkono wake mwenyewe, mbwa asione, atoke, kisha arudi. Alimkuta mbwa amejikunyata vile vile.

Mbwa alikuwa amejifunza hesabu fupi: karatasi sakafuni, na mkubwa anaingia, jumla yake ni kipigo. Nani kazichana, hilo halimo kwenye hesabu yake. Mama wa Igurusi aliniambia atajaribu kwa viatu. Bado hajarudi kunipa matokeo.

Mbona jambo hili linakugusa hivi, wewe muuza dawa?

Nilikuwa na miaka tisa hivi, likizo, kwa bibi yangu upande wa Rungwe, msimu ule wa mvua isiyokatika, nguo zinakaukia juu ya moto na kunuka moshi. Bibi alichinja jogoo kwa ajili ya mgeni wa jioni. Alipika, akafunika sufuria, akaenda kuchota maji. Mimi nilikula paja moja. Halafu, Mungu anisamehe, nikala firigisi. Wasomaji wangu hamhitaji kuelezwa uzito wa firigisi inayomsubiri mgeni wa kiume. Nikarudisha mfuniko vizuri, nikakaa kwenye kigoda.

Mlangoni alikuwa amelala mbwa anaitwa Tomi. Bibi aliporudi na kufunua, alipiga kelele moja tu, na Tomi akashusha masikio, akajilaza chali, akatoa na mkojo kidogo. Bibi akasema, "Mnamwona? Mwenyewe anakiri!" Akachukua ukuni.

Hakuna aliyejiuliza mbwa amewezaje kurudisha mfuniko. Mimi nilikuwa nimekaa pale, uso mkavu kama jiwe la kusagia. Uso wa kosa ulikuwa wa Tomi, firigisi ilikuwa tumboni mwangu. Miaka mingi baadaye nikasoma juu ya mbwa wale 14, na nilijua matokeo yake kabla sijafungua ukurasa wa pili.

Hatia, majuto, aibu, haya: si kitu kimoja?

Si kimoja, na Kiswahili kimetupa bahati hapa. Hatia kwanza ni neno la mahakamani. Hakimu anaweza kumkuta mtu na hatia naye akatoka anacheka. Haya hukuzuia kabla hujatenda. Aibu hukupata wakati watu wamekwisha kuona. Kinachobaki ukiwa peke yako usiku ndicho tunachokiita nafsi kunisuta, na sijui picha bora kuliko hiyo. Kusuta, kama mnavyojua, ni kumwendea mtu na mashahidi umwambie mbele yao, wewe ulisema hili na lile. Nafsi inapomsuta mtu, msutaji, msutwaji na mashahidi wote wamo kwenye ngozi moja.

Majuto nayo yana sura mbili tunazozichanganya. Kuna majuto ya mahindi: uliuza mwezi wa saba kwa bei ya kutupa, mwezi wa kwanza bei imepanda, unajipiga kifuani. Na kuna majuto ya mtu: ulimwumiza fulani. Ya kwanza yanauma kwa sababu umepoteza wewe, ya pili kwa sababu amepoteza mwingine.

Majuto ya mahindi hata panya anayo, au kitu kinachofanana nayo sana. Mwaka 2014 Adam Steiner na David Redish wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwazungusha panya kwenye vituo vinne vya chakula. Kila kituo kilikuwa na muda wake wa kusubiri. Panya aliyeruka kituo kizuri kwa haraka zake, akafika kinachofuata na kukuta foleni ndefu zaidi, aligeuka kutazama alikotoka, na shughuli ya ubongo wake ilifanana na ile ya kituo alichokiacha. Hiyo si hatia, panya hakumkosea mtu. Ila mlango wa chumba cha majuto ameuona.

Majuto ya kweli yana faida gani? Si yanatesa tu?

Yanatesa, na kazi yake inapitia kwenye mateso hayo. Roy Baumeister na wenzake waliandika mwaka 1994 kwamba hatia huzaliwa hasa kati ya watu wanaohitajiana: inakusukuma urudi, ukiri, ulipe, uhusiano usife. Ndiyo maana tunajuta zaidi tukimwumiza ndugu kuliko mpita njia.

Grazyna Kochanska, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, aliwapa watoto wadogo mchezeo na kuwaambia ni wa thamani sana kwa mwenyewe. Ulikuwa umetengenezwa makusudi uvunjike mikononi mwao. Watafiti wakaangalia: mtoto anainamisha kichwa, anajikunyata, au hajali? Waliokuwa na dalili za kujuta wakiwa wadogo walikuja kuwa na utundu mbaya pungufu kuliko wenzao walipokua. Mwisho wa jaribio mtoto aliambiwa kosa si lake na kuonyeshwa mchezeo uliotengenezwa. Nawasifu kwa hilo, maana Tomi hakuambiwa.

June Tangney naye ametumia miaka mingi kutenganisha hatia na aibu, hata kwa wafungwa Marekani. Anayesema "nimefanya jambo baya" ana pa kuanzia kurekebisha. Anayesema "mimi ni mbaya" huwa anatafuta pa kujificha au mtu wa kumlaumu. Wazazi wanaomwita mtoto mwizi kwa sababu ya sukari kijiko kimoja walifikirie hilo.

Huku kwetu Rungwe wazee walikuwa na njia ya kuweka msuto huo nje ya mtu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika juu ya "pumzi ya watu": ukimkosea mtu au ukivunja desturi, majirani wananung'unika, na manung'uniko yale yanakushukia kama baridi na kukuuguza hadi utengeneze. Mwenye dini atasema wazee walikuwa gizani. Mimi naona walijua kwamba kosa lisilozungumzwa humwuguza mtu. Na dini zenyewe hazikuacha majuto yakae bure. Kwa Mkristo kuna kuungama. Kwa Mwislamu, kujuta ni toba, lakini haki ya mtu hulipwa kwa mtu mwenyewe.

Wanyama wengine je? Nyani, tembo?

Hapa nitakaa kidogo.

Tembo kwanza, kwa sababu ndugu wa kutoka Idodi, karibu na Ruaha, aliniuliza akiwa na uchungu wa shamba: mbona wanaingia usiku, kimya kimya, kama wezi wanaojua wanaiba? Kaka, wanajua mchana kuna watu na makelele. Huo ni woga uliofunzwa. Tembo ana mengi ya kustaajabisha, ikiwemo kusimama muda mrefu kwenye mifupa ya wenzake, lakini kuona haya kwa sababu ya mahindi yako haimo.

Kwa nyani na sokwe kuna zaidi. Mwaka 1964 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Jules Masserman waliwafundisha nyani aina ya rhesus kuvuta mnyororo wapate chakula, kisha wakaunganisha mnyororo mmoja na umeme uliompiga nyani mwingine anayeonekana. Wengi waliacha kuuvuta. Mmoja alikaa siku 12 bila kuvuta mnyororo wowote. (Waliobuni jaribio hilo ndio ningependa kujua walilala vipi.) Na Frans de Waal, akiangalia sokwe wa bustani ya Arnhem, Uholanzi, miaka ya 1970, alieleza jinsi wanavyopatana baada ya ugomvi: mmoja ananyosha mkono, wanakumbatiana, wanabusiana. Kupatana si lazima kujuta. Hata watu wanapatana kwa sababu ya ada ya shule. Lakini mkono ulionyoshwa ni mkono ulionyoshwa.

Mbwa wenyewe, wakicheza, wana adabu yao. Marc Bekoff alichunguza ile inama wanayofanya, miguu ya mbele chini, makalio juu. Wanaitumia kukaribisha mchezo na pia karibu na ng'ato kali, kana kwamba wanasema, huo ulikuwa mchezo. Anayecheza vibaya huachwa.

Kisa kinachonisumbua, kwa sababu hakiingii kwenye maelezo ya karipio, ni cha Konrad Lorenz, yule Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Aliingilia ugomvi wa mbwa, na mbwa wake mwenyewe, Bully, akamng'ata kwa bahati mbaya. Lorenz hakumkaripia, alimbembeleza. Hata hivyo mbwa aliporomoka, akalala siku kadhaa kama mgonjwa, chakula hataki. Ni mbwa mmoja, na msimulizi ni bwana wake aliyempenda. Nimekiweka hapa kwa sababu sitaki kuwauzia uhakika ambao sina.

Maoni yangu basi: viungo vya mchuzi mnyama anavyo, huruma, kumbukumbu, woga wa kuvunja urafiki. Ambacho hakijaonekana ni kukaa na tendo lako wakati hakuna anayekutazama. Charles Darwin aliliona hilo mwaka 1871 kwa mfano wa mbayuwayu. Msimu wa kuhama ukifika mama huweza kuruka na kuacha makinda yafe kiotani. Akifika mwisho wa safari, aliuliza Darwin, kama akili yake ingekuwa inamrudishia picha ya makinda yale, angeumia kiasi gani? Mbayuwayu hao wa Ulaya ndio tunaowaona huku wakati wa mvua wamejipanga kwenye nyaya za umeme. Nikiwatazama huwa nashukuru kwa ajili yao.

Nguruwe wangu amewalalia watoto wanne. Sasa amepoa, hali. Anajuta?

Mpime joto kwanza. Nguruwe aliyezaa na kukataa chakula mara nyingi ana homa ya kiwele au ya mfuko wa uzazi, na hilo halisubiri falsafa. Kuhusu kulalia, si ukatili wala uzembe wake: mwili ni mkubwa, banda ni dogo, watoto wanafuata joto. Weka mirunda kuzunguka ukuta kwa ndani, iachane na sakafu na ukuta sentimita 20 hadi 25, watoto wapate pa kukimbilia, na kona moja uwawekee joto. Mwenye la kujuta hapo, kama yupo, ni aliyejenga banda.

Paka?

Hapana.

Mbwa mpole amebadilika ghafla, anajificha gizani. Amefanya kosa gani?

Huenda hakuna kosa, kuna kichaa cha mbwa. Mbwa anayejificha, anayeshindwa kumeza, anayedondosha mate au kung'ata bila sababu, usimsogelee. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo. Akikung'ata au kukulamba kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Na chanja mbwa wako kila mwaka. Watani zangu wa Iringa, najua mna mengine ya kusema kuhusu mbwa, tuyaache kwa leo. Kamwene!

Nimpige mbwa aliyekosa au nisimpige?

Mbwa huunganisha tendo na matokeo ndani ya sekunde chache. Ukimpiga saa moja baadaye, unamfundisha kwamba kurudi kwako nyumbani ni hatari. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Kama anakula mayai, okota mayai mapema, funga banda. Ni rahisi kuliko ukuni.

Mtu anaweza kujuta kosa la babu yake?

Aliyeuliza ni mzee wa Songea, na alikuwa na lake moyoni. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda watu wakati wa Vita vya Maji Maji. Hakuwa amezaliwa vita hivyo vilipopiganwa. Je, ilikuwa majuto au itifaki?

Mzee, moyo wa rais siuoni. Naangalia mkono. Chifu Songea Mbano alinyongwa 1906, na siku ile mgeni aliahidi kusaidia kutafuta fuvu lake. Wenzetu wa Kalenga walisubiri fuvu la Mkwawa hadi 1954, ingawa Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umeagiza lirudishwe. Mjukuu hawezi kujuta kama aliyetenda, lakini akikikuta nyumbani mwake kitu cha watu, anaweza kukirudisha.

Nimejuta miaka, nimeomba radhi, nimelipa, bado silali. Nifanyeje?

Hapo majuto yamekwisha kazi yake na hayataki kuondoka. Kujilaumu kupita kiasi ni mojawapo ya dalili za sonona, ugonjwa unaotibika. Namjua mama aliyejilaumu kwa kifo cha mtoto ambacho hakuna mganga angekizuia. Usisubiri, nenda hospitali, ongea na mtu wa afya ya akili. Duka langu halina dawa hiyo.

Ulimwambia bibi?

Nilimwambia. Nilikuwa mtu mzima, nina duka, nimeoa. Nilipanda gari hadi kwake, nimembebea sukari na kitenge, nikapiga magoti nikasema: bibi, ile firigisi ya mgeni, mwaka ule, haikuwa Tomi, nilikuwa mimi. Nilieleza yote, mpaka mfuniko.

Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Tomi yupi?" Walikuwa wamefuga mbwa wengi, na karibu wote waliitwa Tomi.

Halafu akaniuliza kama nimekula.